Upasuaji Usioacha Kovu

Mimi ni fundi simu, na kwa miaka mingi nilikuwa na macho ya fundi simu. Chochote kilichokuwa shubiri moja kutoka puani kwangu nilikiona kuliko mtu yeyote mtaani, na chochote kilichozidi urefu wa mkono wangu kilikuwa ukungu wenye rangi. Nikiwa kazini nilivua miwani nikaiweka mezani karibu na bisibisi. Nikitoka nje niliivaa. Siku nilizosahau kuivaa, nazo zilikuwa nyingi, niliwapita watu barabarani bila kuwasalimu, wakasema naringa. Dodoma mjini hilo halina uzito sana, maana nusu ya watu ni wageni na kila mtu anawahi ofisini. Kondoa ni habari nyingine.

Kondoa ndiko kwetu. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyenilea huko baada ya baba kufariki, na redio ya kwanza niliyoifungua maishani ilikuwa yake. "Ukishindwa kuirudisha," aliniambia, "wewe ndiye utakayenisomea habari kila jioni." Niliirudisha. Ilibaki skrubu moja mkononi, na redio ikaendelea kuongea kama kawaida.

Sikukuu moja ya Idd, nikiwa mtu mzima mwenye miwani na duka langu, redio ileile ilizima tena. Nilikaa naye kibarazani, nikavua miwani, nikaunga waya mwembamba kama unywele. Aliniangalia mpaka nilipomaliza, kisha akaichukua miwani akaigeuzageuza.

"Kumbe haya madude huyahitaji."

"Ni ya mbali, baba. Karibu naona."

"Mtu anayeona unywele ashindwe kumwona ng'ombe?"

Nilicheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Kwake yeye, miwani ilikuwa ya walimu kusomea au ya vijana kujishaua, na mtu aonaye kitu kidogo asione kikubwa alikuwa anasema uongo, tena uongo usio na ufundi.

Kisha mama mkubwa, mke wake, akafariki. Basi lilichelewa, nikapitiliza moja kwa moja makaburini na kupokea jembe. Jasho likateremsha miwani, ikaanguka kwenye udongo, na mguu wa mtu ukaimaliza. Kuanzia hapo niliwatambua watu kwa sauti tu. Watu walipojipanga kupeana pole nilifuata mstari, nikashika mikono niliyopewa na kumjibu aliyenisemesha. Bwana mmoja mnene alinishika bega akauliza habari za Dodoma, nikamsalimu kwa heshima zote. Alikuwa ofisa wa wilaya, aliyekuja na gari lake. Hatua tatu kutoka kwake, amekaa kwenye mkeka, alikuwa baba mkubwa, mfiwa mwenyewe, na nilimpita kama nipitavyo gogo. Baadaye nilimuulizia, nikaambiwa ameingia ndani kupumzika, na gari la kurudi lilikuwa limeshawashwa.

Siku ya tatu binti yake alinipigia simu. "Baba anasema macho ya kumwona mwenye gari unayo. Ya kumwona yeye ndiyo huna."

Nilieleza habari ya miwani, udongo na mguu. Alimfikishia. Jibu lilirudi fupi: "Huyo anayeona unywele?"

Ilikwenda hivyo miaka mitatu. Nilipiga simu, hakutaka kuishika. Nilikwenda siku ya Idd nikaambiwa yuko shambani, na hakuna Mwislamu wa kwetu anayelima siku ya Idd. Iliniuma. Niliona aibu, na juu ya aibu niliona hasira, kwa sababu nilikuwa nasema kweli na sikuwa na namna ya kuionyesha. Baba mkubwa alikuwa anazeeka. Kila simu ya asubuhi kutoka Kondoa ilinishtua, nikihofu kwamba atazikwa akiamini nilimdharau mbele ya jeneza la mkewe.

Wazo la kupasuliwa macho kwa mionzi, niachane na miwani, lilitoka hapo, na sikumwambia daktari yeyote. Kwetu hakuna anayempa pole mvaa miwani. Lakini aliyepasuliwa, hata kama ni jipu, anatembelewa na kuletewa kuku. Aliyepasuliwa anaaminika. Nilijiambia kwamba nikipasuliwa macho, hata baba mkubwa atakubali kwamba yalikuwa mabovu.

Daktari wa macho wa Dodoma alinipima akanielekeza Dar es Salaam, kwenye hospitali yenye mashine ya mionzi. Tulikaa wachache kwenye chumba cha kusubiri, na nesi mmoja mwenye sauti ya upole alijibu maswali ambayo bila shaka alikuwa ameyajibu maelfu ya asubuhi. Mwanamke mmoja aliuliza itakuwaje akipepesa. Kope zitashikiliwa, nesi alisema, hutaweza kupepesa hata ukitaka. Dereva wa lori aliuliza itakuwaje akipiga chafya. Mashine inakufuata jicho, likitoka nje ya mahali pake mwanga unasimama. Inauma? Unawekewa dawa ya ganzi, utahisi kama unabanwa tu. Mzee mmoja nadhifu aliuliza, "Na ikishindikana?" kwa namna ambayo sote tulijua hakutaka kulitaja neno upofu. Nesi hakumficha. Alisema matatizo yapo, ni machache, na ndiyo maana tumepimwa mara mbili.

"Na kovu?" nilimuuliza.

"Halionekani kabisa," alisema, akitabasamu kama anayegawa zawadi.

Wenzangu walishusha pumzi. Mimi peke yangu nilivunjika moyo.

Daktari naye aliniuliza swali moja tu ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Kazi yako nini?" Nilipomwambia, aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba kwa umri wangu, arobaini na moja, yale macho yangu ya karibu ni faida ya ugonjwa wenyewe. Akirekebisha ya mbali, vitu vidogo vitanipotea na nitahitaji miwani ya karibu. Alipendekeza jicho moja tulifanye la mbali, lingine tuliache lilivyo, nilitumie dukani.

"Yote mawili," nilisema.

"Fikiria kwanza."

"Nimeshafikiria. Yote mawili."

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hataki kupona nusu.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi. Nililala chali. Waliniwekea matone, wakashikilia kope, kitu kikalibana jicho, na kwa sekunde chache giza likaingia. Kisha nikaambiwa nitazame taa ndogo ya kijani. Palikuwa na mlio na harufu ya nywele zilizoungua. Jicho la pili likafuata. Niliwahi kukaa muda mrefu zaidi kwa kinyozi. Jioni ile macho yalichoma kama nimemenya gunia zima la vitunguu, nikalala, na asubuhi nikasoma bango lililokuwa ng'ambo ya barabara, pamoja na namba ya simu iliyoandikwa chini yake.

Maagizo ya nesi yalikuwa mengi: usisugue, weka matone kwa saa, lala na vikinga macho, vaa miwani myeusi, epuka vumbi, maji yasiingie machoni wiki nzima. Nilimuuliza kuhusu udhu. Alisema yeye ni Mlutheri, nimuulize sheikh. Imamu wa mtaani kwetu alisema ndani ya jicho hakuoshwi, nifumbe macho na kupitisha kitambaa kilicholowa, tena nisijitie kwenye tayamamu, kwani udongo wa Dodoma ungeniumiza kuliko maji. Kuhusu kuepuka vumbi hakuna aliyekuwa na ushauri. Ilikuwa Agosti, upepo unavuma kutwa. Nilikaa ndani siku kumi, mke wangu akinidondoshea machozi ya dukani, maana macho yalikuwa makavu kama kibuyu. Alisema hakuwahi kujua kwamba machozi yanauzwa.

Usiku taa za pikipiki zilikuwa na duara la mwanga, nesi alikuwa ametuonya, na duara lile lilipungua wiki baada ya wiki. Kilichonifurahisha kilikuwa kingine. Kwenye weupe wa jicho la kushoto ilibaki alama nyekundu ya damu, kubwa kama punje ya mtama, pale kifaa kilipobana. Wagonjwa wengine huiogopa. Mimi niliipenda. Nilitaka kupanda basi la Kondoa siku ileile, nikaionyeshe kabla haijafifia, lakini mke wangu alificha viatu vyangu na daktari akamuunga mkono kwa simu. Nikaipiga picha. Ruhusa ya safari ilipopatikana jicho lilikuwa jeupe kabisa.

Dukani mambo yaligeuka kama daktari alivyosema. Sasa nilivaa miwani kukaa mezani na kuivua kutoka nje. Skrubu niliyokuwa naiokota bila kuitafuta niliipapasa. Barabarani, kwa upande mwingine, nilimsalimu kila mtu. Nilimwamkia mzee mmoja ng'ambo ya barabara, akavuka akaja kuniuliza tunafahamiana wapi.

Nilimpigia simu binti wa baba mkubwa kumuuliza kama alimweleza baba yake habari ya upasuaji.

"Nilimweleza."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama iliuma. Aliuliza mara mbili."

Nilichukua hilo kama mlango uliofunguliwa kidogo. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nikapanda basi.

Kwetu kuna korongo kubwa kati ya njia ya gari na nyumba. Ukiteremka kwenye basi unatembea upande mmoja, na nyumba unaiona upande wa pili, hadi ufike kwenye kivuko cha mawe huko juu. Maisha yangu yote upande wa pili ulikuwa rangi tu. Siku ile niliona paa, alizeti zilizoanikwa, mbuzi mmoja mmoja. Nikamwona baba mkubwa. Alikuwa amesimama nje ya zizi akitazama kwangu moja kwa moja, karibu kiasi kwamba niliona kofia yake imekaa upande. Niliinua mkono nikapunga. Nikaita pia, ila upepo ulikuwa unakuja kwangu.

Alinitazama. Kisha akageuka na kuendelea na shughuli zake.

Damu ilinipanda. Amenitazama usoni akanipita, nilijiambia, na neno lililonijia lilikuwa lilelile alilolitumia yeye kwangu: dharau. Nimetoa macho yangu ya kazi kwa ajili ya mtu huyu. Nilikaa kwenye jiwe nikihesabu saa za basi la kurudi, huku nikiendelea kumkodolea, kwa sababu hasira nayo inataka kutazama.

Ndipo nikauona mkono wake. Alikuwa anafunga zizi. Aliinyoosha mikono kuutafuta mti wa kukomelea, akaukosa, akapapasa chini yake, akaukosa tena, kisha akaufuata uzio kwa kiganja, fito moja baada ya nyingine, mpaka akaupata. Ulikuwa mbele ya uso wake muda wote.

Njia ya kuzunguka korongo ni ndefu. Niliikimbia.

"Shikamoo baba," nilisema nikiwa hatua mbili kutoka kwake.

Aligeuza sikio kabla ya uso. "Marahaba." Akainamisha kichwa upande wangu. "Fundi."

"Nilikupungia mkono kutoka ng'ambo."

"Kuna mtu alipunga?"

Nilivaa miwani yangu ya karibu, ile mpya, nikamsogelea. Kila mboni ilikuwa na weupe katikati, kama maji yaliyooshewa mchele. Picha ya jicho langu ilikuwa mfukoni, kwenye simu. Sikuitoa.

"Tangu lini, baba?"

"Kabla ya msiba wa mama yako."

"Kwa hiyo siku ile makaburini..."

"Mimi nikuone wapi?" alisema kwa ukali, kama kwamba kosa lilikuwa langu bado. "Niliambiwa umenipita. Ningesema sikukuona, wangejua. Wangejua, wangenitoa kwenye nyumba yangu wanipeleke kwa binti yangu mjini. Nikasema nimekuona kwa macho yangu."

Nilitaka kucheka. Miaka mitatu. Tulikaa kwenye ukingo wa kibaraza. Kisha akaanza kuuliza, taratibu, akiwa ameuelekeza uso kwenye korongo.

"Inauma?"

Nilimwambia upasuaji wake hautakuwa wa mwanga kama wangu, yeye watamtoa ule weupe, ila dawa ya ganzi ni ileile na hatahisi maumivu ya maana.

"Nikipepesa?"

"Wanakushikilia kope."

"Na udhu?"

"Kitambaa kilicholowa, macho umefumba."

"Na ikishindikana?"

Nilimjibu kama nesi alivyomjibu yule mzee, bila kumficha. Alitikisa kichwa. Niliona anaendelea kulizungusha jambo moja kichwani, na nikajua ni lipi kabla hajalitamka.

"Kovu linabaki?"

"Halibaki, baba. Halionekani kabisa."

Hakushusha pumzi. Aliyapangusa macho yake kwa ncha ya kanzu.

"Sasa hawa watu wote niliowapita miaka yote hii," alisema, "nitawaonyesha nini?"

"Hata mimi sijapata," nilimwambia.