Njia ya Ng'ombe Mlimani

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo mpaka leo haijanitoka. Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imejaa sokoni Somanda, kwetu Bariadi, na walimu wengi tukikimbilia nje kutafuta maslahi. Mimi, niliyesoma shule ya jioni mpaka macho yakawa mekundu kama nyanya, nikajikuta nafundisha hesabu Lesotho, nchi ambayo hata viwanja vya mpira vimeinama.

Siku hiyo tulipanda mlima walimu watatu: mimi, Mwalimu Mensah, Mghana aliyekaa huko miaka mingi, na Mwalimu Minza, binti wa kijiji cha Mkula, wa kwetu kabisa. Mawingu yalitanda chini yetu kama pamba ya Simiyu nzima imemwagwa pale. Nikahisi nikinyoosha mkono nitaigusa Bariadi.

Mara ukungu ukatufunika. Hata viatu vyangu sikuviona.

"Tukae hapa hapa mpaka ufunguke," akasema Mensah.

Lakini Minza alishaanza kukohoa. Alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta alikuwa ameisahau kwenye mkoba, dukani kule chini tulikoacha mizigo.

Nikainama, nikaona nyayo mbichi za ng'ombe kwenye tope. Nikacheka. "Jamani, mimi Msukuma, nimezaliwa zizini! Saa kumi hii ng'ombe wanarudi nyumbani. Tukiwafuata tunatokea kijijini."

"Una uhakika, kaka?" akauliza Minza.

"Kama ninavyolijua jina la mama yangu!"

Akanifuata. Mensah naye, kwa kuguna.

Kengele za ng'ombe zililia mbele yetu, laini, kama zinatoka usingizini. Nikatembea nazo kama niliyerogwa. Njia ilikuwa inapanda, mwanangu, na mimi nilijua inapanda. Magoti yaliniambia. Nikanyamaza, maana nilishajisifu.

Kumbe kule, majira ya joto, ng'ombe huhamia juu na kulala huko huko. Tulitokea kwenye kibanda cha mawe. Minza alikuwa anapumua kwa mluzi, midomo imebadilika rangi. Mzee mwenye ng'ombe akatoka humo, akavua blanketi alilojitanda, akamfunika, akampandisha kwenye farasi. Kisha akauliza jambo, Mensah akatafsiri: "Anauliza nani alikuwa anatuongoza."

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. Nikamweleza habari za ng'ombe wa kwetu.

Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwambie hawa ni wangu. Wanalala ninapolala mimi."

Akatushusha mwenyewe mpaka dukani. Minza alivuta dawa yake mpaka pumzi ikatulia. Nilingoja matusi. Akasema tu, "Ungesema hujui, ningekaa na Mensah. Nilikufuata kwa sababu wewe ni wa kwetu."

Nimechapwa fimbo nyingi maishani, tena za mti mbichi. Hakuna iliyonifikia ndani namna hiyo.

Basi sikia. Utaenda kwa watu, na ujuzi wa nyumbani utakufaa sana, lakini uliza kwanza kama na huko ujuzi huo unafaa. Ukigundua umekosea njia, geuka uwaambie walio nyuma yako, hata kama ulijisifu mpaka jasho likakutoka. Wao ndio wanaoumia kwanza.

Mungu akufungulie njia mbele yako, mwanangu, na kila anayekuamini umfikishe mzima.