Kokoto Zinazofuata Jua Uani kwa Damari

Saa sita na dakika arobaini mchana. Damari Kalinga amesimama juu ya paa la zahanati, amefumba macho, uso ameuinua juani. Chini watu wanamsubiri, naye kama hana habari.

"Dada Damari, umelala?" anauliza Sista Juliana, muuguzi wa zahanati hii ya kijiji, ndani kidogo ya barabara ya Idodi, mkoani Iringa.

"Nasikilizia kwanza linapochoma," anajibu.

Linachoma kutoka kaskazini. Paneli nne zilizo miguuni pake zinatazama kusini. Alizifunga mwenyewe Desemba ya mwaka juzi, na leo amekuja kuzigeuza.

Damari, 38, mkazi wa Kihesa, mjini Iringa, alikuwa fundi cherehani. Umeme wa jua aliuokotea Chimala, mkoani Mbeya, dukani kwa shemeji yake, kwa kutazama tu. Desemba ile alipanda hapa mchana, akaona jua lilipo, akalielekezea paneli.

"Nililiona kwa macho yangu, liko kusini. Mtu angenibishia ningemcheka."

Taa ziliwaka vizuri miezi mitano. Juni ikaja na baridi na ukungu, jua nalo likahamia upande wa pili. Betri hazikujaa, na chumba cha wazazi, ambamo wanawake tisa hivi hujifungua kila mwezi, kikarudi gizani.

"Nilizalisha nimeng'ata simu kwa meno, iniangazie," anasema Juliana. "Tochi nilishaigawa. Si alituambia hatutaihitaji tena!"

Damari alilaumu betri. Ilipofika Septemba, ukungu umeisha na jua linarudi, taa zikawaka zenyewe, na kijiji kikamshukuru. Shukrani zile zilimuuma kuliko lawama.

"Wananiambia asante mama, na mimi sijui nimefanya nini. Nilitamani ardhi inimeze."

Januari mwaka huu alijiunga na chuo cha ufundi mjini Iringa. Mwalimu wake, Crispin, aliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: wasimike kijiti uani, na kila Jumapili, saa sita na dakika arobaini, jua linapokuwa juu kabisa, waweke kokoto kivuli kinapoishia. Majirani walidhani Damari anapima msingi wa banda la kuku. Yeye alikaa hapo hadi chai ikapoa, akiwaza jua linakotoka na linakokwenda.

Jumapili moja ya Machi, akiwa bado na joho la kwaya, aliona kivuli kimehama kaskazini, kimeangukia upande wa pili wa kijiti, kusini.

"Nilikaa chini palepale kwenye tope. Nikasema, Mungu wangu, jua linahama, na mimi nimewafungia wale akina mama kwenye Desemba."

Sasa mvua zimekatika, na leo amekuja bila kuitwa. Kamati ya zahanati imempa nafasi moja tu: taa zikizima tena, paneli zinashushwa.

Hadi saa kumi jioni amezihamishia zote upande wa kaskazini wa paa. Anashuka taratibu.

"Safari hii sisemi muigawe hiyo tochi mpya," anamwambia Juliana.

Jumapili ya wiki inayofuata tunamkuta uani kwake Kihesa, amechuchumaa kando ya mstari wa kokoto. Simu inaita. Anaweka sauti ya nje.

"Kamwene, dada," Juliana anamsalimia kwa Kihehe. "Usiku wa nane huu, hazijazima. Alfajiri tumepata mtoto wa kike. Baridi kali, ukungu mpaka mlangoni, lakini nimemwona mpaka kucha za vidole."

"Na tochi?"

"Wee! Sijui hata nimeiweka wapi."

Damari anacheka, kisha machozi yanamtoka, na hayafuti. Chuo anamaliza Novemba. Anataka kurudi Chimala, na vijiji vya huko hadi Mbeya, awatafute mafundi waliojifunza kwa kutazama kama yeye.

"Sitaanza na waya. Nitawapa kijiti, niwaambie wakae nacho mwaka mzima."

Anakitazama kivuli. Saa sita na dakika arobaini inapofika anachukua kokoto na kuiweka, kusini kidogo ya ile ya Jumapili iliyopita.