Pao la Tisa

Mwaka tuliokula sombe, majani yetu ya muhogo, bila mawese, mwanangu, ndio mwaka nilioharibu paa la mama yangu. Nilikuwa msichana wa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Shule niliiacha mapema, lakini namba za Kirumi nazijua, maana patasi haipendi duara, inapenda mistari.

Tulikuwa tunahamisha nyumba kutoka Lusangi kwenda Kabambare. Mama alikuwa na mimba ya kufika, na mawingu yalishakaa. Mjomba Ramazani, seremala, akashusha mapao ya paa, akanipa patasi: "Kila pao ulikatie namba yake, lirudi mahali pake. Tisa ni V na vijiti vine: VIIII."

Nikajiambia, huyu mzee anapenda kazi. IX ni mikato mitatu, yake ni sita. Nikakata IX, nikaenda kuoga.

Mapao yakabebwa kichwani. Na mti uliolala hauna kichwa wala miguu, mwanangu. La tisa lilifika limegeuka, na IX ikigeuzwa ni XI. Wakakuta kumi na moja mbili. Wakachukua lile refu, la tisa, wakaliweka mahali pa fupi. Likazidi. Wakalikata kwa msumeno. Kisha lile fupi halikufika pa tisa, na mti uliokatwa haurefuki. Mvua ikaanguka jioni ile. Mama akazalia kwa jirani, chini ya paa la watu.

Mjomba hakunipiga. Alisema, "Umeokoa mikato mitatu. Sasa nenda kamwambie mama yako kwa nini amelala kwa wenyewe." Kofi lingekuwa afadhali.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na ordinatere, kompyuta yake. Aziza anasoma kuiandikia amri ile mashine, na mimi, nkambo yake, najivuna, hapa Kasongo nzima wanajua. Juzi amepewa fumbo: namba nyingi za Kirumi zimeandikwa ovyo, mashine izifupishe zote kwa herufi chache kabisa. Akalimaliza kabla chai haijapoa.

"Nkambo, tisa yako iko na herufi tano! Yangu mbili. Nimekushinda."

"Umenishinda. Namba zako zinakaa ndani ya kioo, hakuna mutu wa kuzibeba."

"Basi mapao ya baba yanayoenda Salamabila kesho kwa pikipiki, niyakatie IX?"

"Tisa yangu siifupishi."

"Weee! Kichwa kama jiwe la kusagia!"

Mwanangu, kufupisha ni akili, sikatai. Lakini kabla hujapunguza, uliza kitu kitapita mikono ya nani, na kitageuzwa mara ngapi njiani. Ile mikato unayoiona ya bure, kuna mutu inamlinda na mvua. Mungu akupe mikono isiyokimbia kazi, na paa lisilovuja siku ya kuzaa.

Asubuhi Aziza alikuja na patasi mkononi, anacheka. "Nisipunguze hata mkato mmoja tu, Nkambo? Ule wa mwisho?"

"Tisa yangu siifupishi."