Vyote Vilifunguliwa, Msiba Ukabaki

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa kimya hunijia yenyewe bila kuitwa. Ilikuwa siku ya mnada, mvua za kwanza zimeshanyesha, nami ni kijana wa kulima asubuhi na kucheza ngoma jioni. Vuta kigoda ukae. Usiwe na haraka, maana haraka za dunia hii zimenichosha, na ninachotaka kukuambia hakisemwi mtu amesimama.

Mwaka ule ndio wanunuzi binafsi wa pamba walianza kufika huku kwetu Mwamapalala. Tulikuwa tumezoea chama cha ushirika tu, unapeleka pamba yako, unasubiri mpaka usahau kwamba ulipeleka. Sasa tukaambiwa soko ni huria, mwenye lori na mizani anunue. Tulifurahi, kwa nini nikufiche? Vijana tulishaanza kupanga nani ataoa na nani ataongeza ng'ombe. Basi hata pamba haijaisha kuchumwa, kipindupindu kikaingia.

Wengine walisema kimekuja na makuli wa malori. Wengine, wale wa imani za zamani, wakasema ni mkono wa mtu. Wilaya haikungoja tumalize ubishi. Mtendaji wa kata alikuja kutoka Bariadi na bwana afya, akasimama mbele ya ofisi ya kijiji akatangaza. Mnada marufuku. Kununua na kuuza pamba, hapana. Chakula cha kupikia watu barabarani, hapana. Pombe ya kienyeji hapana, ngoma hapana. Hayo yote tuliyapokea kwa kunung'unika tu. Lakini aliposema kwamba hata misiba imefungwa, kwamba marehemu atazikwa na watu wa afya pamoja na wa nyumba yake, na majirani wabaki makwao, wazee walishusha macho wote wakaangalia chini.

Wewe umekulia mjini, huenda hujui uzito wake. Kwetu msiba hauna hiari. Kila kaya inapeleka kuni, unga na maji. Wanaume wanalala nje penye moto, wanawake ndani na mfiwa. Asiyefika, sungusungu wanamtoza mchenya, yaani faini ya jadi. Akirudia, anatengwa: hapewi moto, hatembelewi, na ng'ombe wake wakiibiwa akapiga mwano, lile yowe la kuomba msaada, hakuna anayetoka. Na mfiwa naye ana mwiko wake. Hashiki jembe wala haendi kwenye mikusanyiko mpaka majirani waje kuondoa tanga na kumnyoa nywele. Hajitoi mwenyewe msibani. Anatolewa.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jirani yetu Baba Kulwa aliugua asubuhi, jioni hakuwepo. Alikuwa mtu wa Sola, alihamia kwetu kutafuta malisho, hakuwa na ndugu wa damu hapa. Alikuwa mtu wa watu lakini, mpole, ukimwomba plau anakuletea na ng'ombe wa kuikokota. Watu wa afya walimzika wao, wakanyunyizia dawa nyumba nzima, wakaondoka. Mkewe Mama Kulwa alibaki peke yake, kwa sababu wale mabinti zake pacha wameolewa Ipililo na njia zimefungwa. Sisi tulisimama ng'ambo ya shamba tukapunga mikono. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Mimi nasema walisema hivyo kwa sababu hawakuona kipindupindu. Kile kilimpa kila mtu kifo chake peke yake.

Sikulaumu amri ile, na wewe usiilaumu. Iliokoa watu. Bibi yangu mzaa baba, ambaye habari hii ni yake zaidi kuliko yangu, alikuwa mkali kuliko bwana afya mwenyewe. Alituchemshia maji mpaka tukayachukia. Aliyekuja kupiga hodi alisalimiwa kutoka mbali, "Mwangaluka," akaambiwa aseme shida yake akiwa palepale.

Basi ugonjwa ukapungua, na vitu vikaanza kufunguliwa kimoja kimoja. Cha kwanza kufunguliwa ni pamba, maana malori yalikuwa yanasubiri. Nakuambia, tulilala kwenye magunia yetu tusije tukapitwa. Kisha ukafunguliwa mnada, kwa sharti la choo na maji ya kunawa. Wakafuata mama ntilie, vilabu vya pombe, halafu ngoma. Kila jambo lilipofunguliwa lilikuwa na watu wake waliolisubiri, wakalipokea kwa vigelegele. Mwisho kabisa mtendaji alipita na baiskeli yake, hata hakushuka, akamwambia mwenyekiti kwamba na misiba sasa iendelee kama zamani. Nani apige vigelegele kwa hilo? Maneno yaliingia sikio hili yakatokea hili.

Mvua zikaanza. Wewe unajua mvua za kwetu, ukichelewa zinakuacha. Kila mtu alikuwa shambani. Kila asubuhi nilipita na ng'ombe wa plau karibu na mji wa Mama Kulwa, namwona amekaa mlangoni, nywele zimeota ovyo, shamba lake limesimama na mabua ya mwaka jana. Namwamkia, ananiitikia, napita. Nilidhani anaumwa. Wenzangu walisema ni uvivu wa wajane. Mabinti zake walikuwa wamekuja njia zilipofunguka, wakalia na mama yao, wakarudi kwa waume zao. Binti haondoi tanga, mwanangu. Tanga ni la majirani.

Unaona palipotupoteza? Serikali ilikuwa imekataza, kwa hiyo sungusungu hawakumtoza mtu. Kwa kuwa hakuna aliyetozwa, kila mtu akaona hana kosa. Na zuio lilipoondoka, hakuna aliyejiuliza ule msiba uliishia wapi. Tulisema moyoni kwamba umepita pamoja na ugonjwa. Mama Kulwa naye asingeweza kuja kutukumbusha, kwa sababu mfiwa haombi kuliliwa. Akisema hivyo amejivunjia heshima na kumvunjia marehemu. Na asipopanda ndani ya siku zile, mwaka mzima atakula kwa kuomba. Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo, nasi tunapita na plau zetu tunaimba.

Siku ile ya mnada, jua limepanda kidogo, wengine tukilima na wengine wanasukuma mbuzi kwenda kuuza, tukasikia mwano. Sauti kali ya mwanamke. Filimbi zikapokezana kitongoji kwa kitongoji. Nikaacha ng'ombe kwenye plau, nikachukua rungu. Watu walitoka kila upande na pinde, na fimbo, na mapanga, tukijua wezi wa ng'ombe wameingia. Tulifuata sauti mpaka uani kwa Mama Kulwa. Hakukuwa na mwizi wala kwato za ng'ombe. Alikuwepo Bibi yangu, amesimama katikati ya ua, amejifunga kanga kiunoni, anahema. Mama Kulwa yuko nyuma yake ameduwaa kama sisi.

Nilimhofia Bibi, mwanangu. Mwano wa uongo ni kosa kubwa, hata kwa ajuza. Kamanda wa sungusungu, mtu mzima mwenye sauti nzito, akasogea akamuuliza kwa heshima ya mtu na mama yake, "Mayu, kimeibiwa nini?"

Bibi alituangalia mmoja mmoja, akaangalia pinde zetu. Kisha akasema, na maneno yale sijayasahau:

"Ng'ombe akipotea mnakuja mbio hivi, hata viatu hamvai. Baba Kulwa amepotea tangu kiangazi. Pamba mmeuza, pombe mmekunywa, ngoma mmecheza. Huyu mwanamke bado yuko msibani, na mvua inaondoka. Sasa mmefika. Kaeni chini, mlie."

Watu wazima wenye ndevu walianza kukaa chini, mmoja baada ya mwingine, penye tope lilelile, wakaweka pinde ubavuni. Kamanda akavua kofia, akaenda hadi mbele ya Mama Kulwa, akainama, akampa pole ya mumewe. Pole ya miezi, imechelewa hivyo.

Mama Kulwa akauliza taratibu, "Kumbe sikutengwa?"

Kamanda akasema, "Utengwe kwa kosa gani, mayu?"

"Nilifikiri mmesema ugonjwa umetoka kwangu," akasema. "Nikasema basi, nitakaa nife hapa hapa."

Hapo ndipo tulipolia. Si kilio cha kawaida cha msibani, cha kuanzishwa na wanawake. Nilimwona baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akitoa chozi, amefunika uso kwa kiganja. Mimi nililia kwa aibu, nakwambia wazi. Yule mama alikuwa ananiitikia salamu kila asubuhi akiamini kwamba mimi ni katika watu waliomtupa, na bado akaitikia.

Mnada siku hiyo ulikosa watu wa kwetu. Wanawake walileta maji, kila nyumba na kopo lake la kunawia, hatukurudia tena beseni moja la kupokezana. Bibi ndiye aliyemnyoa. Baadaye Kamanda alisema sheria ni sheria, mwano umepigwa bila mwizi, Bibi atatoa mbuzi. Bibi akamtoa mbuzi, tukamchinja papo hapo kwa ajili ya tanga, na mpaka anaingia kaburini Bibi alikuwa akilalamika kwamba yule mbuzi alikuwa na mimba. Kesho yake tuliingia na plau shambani kwa Mama Kulwa. Tulichelewa. Pamba yake haikufika popote. Mtama ulimpa kidogo, viazi vikamsaidia, na alichopungukiwa tukamchangia. Aliishi miaka mingi, alicheka tena, lakini kila mvua za kwanza zikinyesha alikuwa akikaa mlangoni na kutazama njia. Sikuwahi kumuuliza anatazama nini.

Mwanangu, nimezeeka sasa. Nimeona magonjwa mengine, hata hili la barakoa la juzi, na nimeona watu wakifanya vilevile. Mlango ukifunguliwa, wanakimbilia sokoni. Mimi nimechoka kusema, ndiyo maana nakuambia wewe ili useme baada yangu. Amri ya kufunga itii, usijifanye jasiri mbele ya ugonjwa. Lakini ujue kwamba serikali inaweza kufungua mnada, inaweza kufungua barabara. Moyo wa mfiwa haiwezi kuufungua, hiyo ni kazi ya jirani. Siku zuio likiondoka, kabla hujauliza bei ya chochote, uliza nani alifiwa wakati hatuendeani. Nenda kwake hata kama umechelewa mwaka. Usisubiri akuite, maana hatakuita. Na usimngoje mtu akutoze faini ndipo uwe na utu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, walisema wahenga. Mimi naongeza: na kama hakuna aliyekwenda kumnyoa, beba wembe uende.

Haya, inuka, jua linakwenda. Mwenyezi Mungu akujalie mvua kwa wakati wake na mifugo isiyopungua. Akujalie miguu inayofika msibani kabla ya mnadani. Na siku yako ya kukaa mlangoni itakapofika, maana kila mtu anayo, usitazame njia peke yako. Wabeja, mwanangu, asante kwa kunisikiliza. Nenda, na ukipita hapo kwa jirani, mwambie nimemwamkia.