Glavu za Kufungia Kozi

Sufu iliyolowa barafu hunuka kama mbwa aliyetoka kuoga, na ikichanganyika na harufu ya samaki changu waliogandishwa, haisahauliki. Hivyo ndivyo jiko letu la Al Mansoura lilivyonuka wiki moja ya Januari, nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya hapa Doha, na kila kipupwe aliwapeleka jangwani kuwinda ndege wakubwa waitwao tandawala kwa kozi, yule ndege wa mawindo anayekaa mkononi. Alfajiri alisaidia kumfunga kozi kwenye kigingi. Mkono wake wa kushoto, uliovikwa ngozi nene, ulikaliwa na ndege. Wa kulia, uliokuwa wazi, ulifunga fundo peke yake. Mwaka uliotangulia vidole vilimfa ganzi, fundo likalegea, kozi akaruka na kamba yake mguuni. Walimpata adhuhuri. Bwana mkubwa, mwenye kozi, hakugomba. Alisema tu kwamba safari ijayo Baba aje na glavu za maana, la sivyo abaki mjini kupeleka watoto shule. Baba alilipenda jangwa kuliko alivyokuwa tayari kukiri, na wiki ile ya Januari alikuwa akiacha nusu ya chakula sahanini.

Sisi watu wa Mombasa baridi tulikuwa tukiisikia tu. Sokoni tulichagua glavu kama watu wanaochagua matikiti, kwa kubonyeza. Mama alishika za sufu zilizokuwa nene kuliko zote, ambazo vidole vinne hukaa pamoja, gumba likabaki peke yake. Mimi, niliyejiona msomi tangu wakati huo, niling'ang'ania za ngozi nyeusi zilizobana, kwa kuwa zilionekana za mtu anayejua anachofanya. Baba, asije akamuudhi yeyote, alinunua zote.

Zilijaribiwa kwenye friza. Baba alivaa, akaingiza mkono katikati ya changu kwa muda wa yai kuiva, kisha akautoa na kufunga kamba kwenye mguu wa kiti. Mimi nilikuwa kozi: nilining'inia kwenye mkono wake wa kushoto asije akautumia. Glavu za Mama zilihifadhi joto vizuri, lakini kamba ilimponyoka kila mara.

"Baba Zuhura," Mama akauliza, "huyo ndege utamfunga kwa meno?"

Zangu zilifika kwenye fundo, ila vidole havikujua kama vimefika.

"Zinabana," Baba akasema. "Damu haipiti."

"Lakini zinapendeza."

"Kwa harusi, mwanangu."

Hata hivyo, siku mbili kabla ya safari nilimwona akizifunga zangu kwenye mzigo wake, ili nisivunjike moyo. Nilizitoa nikampelekea Mama, nikamwambia nimekosea. Alichukua mkasi, akapasua sufu upande wa kiganja ili vidole vitoke na kurudi, akazikata zile zangu za ngozi vipande na kuvishonea kwenye kingo za mpasuko. Baba akarudi kwenye friza. Alipomaliza kufunga, niliivuta kamba kwa uzito wangu wote. Kiti kikaja, fundo halikuja.

Alirudi kutoka jangwani baada ya siku kumi, midomo imepasuka, ananuka moshi.

"Kozi je?" Mama akamuuliza mlangoni.

"Hakwenda popote. Bwana mkubwa amezijaribu zile glavu, akaniuliza zimetengenezwa nchi gani."

"Ukamwambiaje?"

"Mombasa."

Siku hizi naishi Al Thumama, papa hapa Doha, na glavu za kuwindia wakati wa baridi zina rafu yao dukani, nyingine zina betri. Binti yangu anajifunza kushika kozi kila Jumamosi. Kwa ajili yake nilikaa jioni mbili nikisoma maoni ya wanunuzi, na licha ya shahada zangu zote nisifikie uamuzi. Yeye aliingia dukani, akavaa jozi moja, akakunja ngumi, akafungua na kufunga zipu ya koti lake, akanunua. Baba alimbeba ndege wa mtu mwingine. Keshokutwa alfajiri mjukuu wake ndiye atakayemrusha kozi. Mimi nimealikwa kuendesha gari.