Siku Niliyojifanya Bize Sokoni Kayanga

Nianze na aibu yenyewe, ili wa kucheka acheke mapema: mimi, mke wa mtu, niliyemaliza kidato cha nne, nilikutwa katikati ya soko la Kayanga nimekula senene wa mume wangu mpaka wa mwisho, na bado nilikuwa naongea.

Chanzo ni neno bize. Shuleni mwalimu alituambia ni mtu mwenye kazi nyingi, basi, akafuta ubao. Huku kwetu Nyabiyonza neno hilo limekuwa kama panga, linalimia, linakatia nyama, linafukuzia mbwa. Namba ya simu iko bize. Nesi anayechati huku watoto wanalia kwenye foleni ya mizani yuko bize. Msichana asiyekutaka yuko bize. Jirani yetu Ta Projestus anakaa na kibuyu chake cha pombe ya ndizi tangu asubuhi, ukimwomba akutwishe mkungu anakujibu kwa heshima zote, "Mwanangu, niko bize." Na mume akiwa mbali, jamani, bize ndiyo salamu, ndiyo kwaheri.

Wangu anaitwa Deus. Ni utingo wa lori la mizigo, mwaka wa pili sasa (alipoondoka mtoto wetu Alinda hajaota jino, leo anatembea na kuiba sukari). Nikipiga, "Mama Alinda, niko bize, nitakupigia." Hapigi. Watu wanasema nina hasira. Ninayo, sikatai, lakini kuna jioni nakuta nimemenya ndizi za watu watatu, nakumbuka tuko wawili na mmoja anashiba vijiko vinne, nabaki nalitazama sufuria.

Ukafika msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Kwetu mke akipata senene, wa kwanza ni wa mume, na mume naye anamnunulia mkewe kitenge. Mke asiyempa mumewe anasemwa mpaka kwenye misiba. Nilidamka alfajiri siku tatu kuwaokota kwenye majani yenye umande, nikawachambua mabawa na miguu mpaka vidole vikawa vya kijani, nikawakaanga na kitunguu, nikawafunga kwenye kopo. Nikampigia. "Deus, senene wako wako tayari, niwatume kwa basi au unakuja?" Alichojibu mnakijua.

Jumamosi nikaenda Kayanga kuuza maparachichi, Alinda mgongoni, kopo kwenye kikapu, nikiwa na nia ya kulipeleka stendi hata baada ya jibu lile. Saa nne simu ikaita. Deus. Moyo uliruka, sitawadanganya, halafu nikajiambia leo na yeye aonje. Nikapokea, nikasema, "Niko bize," nikakata, nikazima simu kabisa.

Kisha nikafungua kopo. Pembeni yangu alikaa Ma Leonida, muuza nyanya, mtu wa umri wa mama yangu. Akashtuka.

"Mwanangu, hao si wa mwenyewe?"

"Mwenyewe yuko bize, mama. Kula."

Alikataa mara moja tu. Wakaja wa vitunguu, akaja wa dagaa, kila mmoja na kiganja chake, na mimi nilivyoona nimepata watu nikachukua parachichi nikaliweka sikioni kama simu, nikakaza sauti kama ya Deus: "Ee, Mama Alinda, niko bize, nafunga turubai. Ee, niko bize, napumua." Wa dagaa alicheka mpaka akakaa chini. Sifa ni kitu kibaya. Nikaongeza: "Nikifa msinizike leo, niko bize." Hapo kicheko kikakatika. Mimi nikadhani nimewagusa, nikaendelea peke yangu, mdomo umejaa, mpaka Ma Leonida akanifinya paja.

"Nyamaza. Yuko nyuma yako."

Nikageuka. Deus alikuwa amekonda, shati lina vumbi la barabara nzima, simu mkononi, kitenge kimekunjwa kwapani. Kumbe lori lao liliingia Kayanga asubuhi ile kupakia maharage, lilikuwa pale karibu na sheli, ningetupa jiwe ningelipiga. Alinipigia aniambie hivyo. Nilipozima, kwa kuwa anajua Jumamosi nauza sokoni, akaanza kuzunguka meza kwa meza, anamuulizia mke wake.

Akalitazama kopo. Kipande cha senene kilikuwa kimenasa kwenye jino langu, nakisikia.

"Umewamaliza," akasema.

"Si ulikuwa bize."

"Dereva alinipa dakika arobaini. Zimeisha nikikutafuta."

Nikamfungua Alinda mgongoni, nikampa. Mtoto akamtazama kama anavyomtazama mtu wa chanjo, akaangua kilio, akaninyooshea mikono. Deus akamrudisha taratibu, akaweka kitenge juu ya maparachichi. Honi ya lori ikalia. Nilikuwa na maneno, nimeyatunza miaka miwili: baki, kula, lala kwako. Yaliyotoka ni haya: "Nenda, unachelewesha watu." Tena kwa sauti ya kusikika sokoni kote.

Akaenda. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua.

Bado nina hasira naye, na tajiri mwenye lori, na aliyetuletea neno hilo. Ila simu yake siikati tena, hata nikiwa na sabuni machoni. Nitampokea nimtukane, lakini nitampokea. Juzi alipiga nikiwa shambani. Tukabaki tunasikilizana, kwake injini inaunguruma, kwangu Alinda anakimbiza vifaranga huku anawapigia kelele.

"Ndiye huyo anayeongea?" akauliza.

"Ndiye."

"Msogezee simu."

Nikamsogezea. Alinda akaishika kwa mikono miwili, akaitazama, akaita neno pekee analolijua vizuri: "Kuku."

Deus akaitika, "Naam."