Nilitaka kumchapa binti yangu kwa pamba iliyoloa, bibi yake akanishusha bei

Wakuu, mwangaluka.

Mimi ni mtu wa kupatana. Nina banda la majembe na spea za baiskeli hapa Bariadi, na mteja akiniamini bei ya kwanza huwa namhurumia. Ila kisa hiki sijakitia cha juu. Nilichokiona ndicho hiki.

Nina binti, Minza, yuko darasa la sita. Jumamosi moja msimu huu nilimwachia kazi moja: kulinda pamba tuliyoanika uani. Wingu likionekana, akunje turubai aingize ndani. Mke wangu alikuwa shambani anamalizia kuvuna. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa kwaya.

Minza akaenda kwa jirani kusukwa nywele.

Mvua ikaja bila hodi.

Nipo bandani namkomalia mteja, namwona mtoto anaingia mbio. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, maji yanamchuruzika.

"Baba, pamba imeloa. Nilikuwa nasukwa. Nimeingiza kidogo, nyingine imenishinda, turubai limekuwa zito."

Nilifunga banda. Jumamosi, wakuu. Mteja mwenyewe alinionea huruma.

Tulipofika tukabeba iliyobaki, tukaitandaza ndani, iliyoloa huku, kavu kule. Kwa msioijua pamba: ikilala na maji inabadilika rangi, inakuwa fifi, na bei ya fifi ni ya kukupa pole.

Kazi ilipoisha, hasira ikarudi. Nikakata fimbo ya mkwaju.

Mama alisharudi, amekaa mlangoni anatafuna michembe, viazi vyetu vya kukausha. Akaiangalia fimbo kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Unampiga ngapi?"

"Sita, mayu."

"Ghali. Punguza."

Nikadhani natania na mtu mzima. "Haya, nne. Hapo nimekupa discount."

"Hilo kosa unaloniuzia lina kasoro, pamba nyingi mmeiokoa. Punguza tena."

"Mbili, mayu. Chini ya hapo napata hasara."

Akainuka, akajifunga khanga, akaanza kuondoka polepole bila kugeuka.

Wakuu, nimefanya biashara miaka mingi. Mteja akiondoka hivyo, mdomo unaita wenyewe.

"Mayu, rudi tuongee."

Alirudi anacheka. Hapo nilikuwa nimeshapigwa, mimi.

Ikumbukwe mama huyu ndiye alikuwa anatuchapa mpaka majirani wanakuja kuamua. Nikamkumbusha. Hakukataa.

"Nilikuchapa sana. Sasa niambie, ni mara ngapi ulikuja mwenyewe kuniambia umeharibu kitu?"

Nikahesabu. Nikarudia kuhesabu, ndiyo tabia yangu. Sikupata hata moja.

"Mambo yako nilikuwa nayasikia kisimani," akasema, "kwa wake za watu. Huyu kakufuata na mvua inanyesha. Ukimpiga leo, kesho atakaa kwa jirani amalizie nywele."

Fimbo nikaiegemeza ukutani. Mama anaitumia kufukuzia kuku mpaka leo.

Nikamwita Minza, nikamuuliza yeye anatoa nini. Akasema atachambua pamba yote, safi kwake, fifi kwake, na hatasuka hiyo nusu nyingine mpaka amalize.

Hiyo ya nywele sikuitaka, ni yeye aliyeongeza. Jumapili alienda kanisani na kitambaa kichwani, aliporudi akaendelea kuchambua. Nikakaa naye nikasaidia. Pamba safi ilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea.

Wiki iliyopita kaja tena bandani, na sare ya shule.

"Baba, nina habari mbaya. Hesabu nimefeli."

"Mwalimu amebandika matokeo?"

"Bado. Atabandika kesho."

Nikaweka spana chini, nikamvutia kigoda. Mama yangu alikuwa wa mwisho kujua kila kitu changu. Mimi nimekuwa wa kwanza. Sasa jioni tunapiga hesabu pamoja, na kugawanya bado kunampa shida.

Sisemi watoto waachwe wakue kama magugu. Minza alilipa, tena kazi ngumu. Ninachosema, hasara ukiambiwa mapema unaokoa kitu, na fimbo inawafundisha watoto kuchelewesha taarifa.

Wazee wa "sisi tulichapwa na tumekuwa watu", karibuni mniponde. Ila kwanza jibuni swali la mama: mlienda wenyewe mara ngapi? Hesabuni mara mbili.